Unga Uliofunikwa

Goti langu likigongwa na kinyundo cha daktari, mguu unaruka juu utadhani nimetukanwa. Wanafunzi wa udaktari wanaokuja na timu yetu ya utafiti wanaupenda sana mruko huo. Nimeshachoka kuwaonyesha, lakini nawaonyesha, maana bora wajifunzie kwangu kuliko kwa mtoto anayelia. Miguu hii ilikakamaa nikiwa mdogo, mwaka wa njaa. Niliamka asubuhi nikataka kusimama, ikakataa. Tangu hapo natembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, fimbo mkononi. Ugonjwa unaitwa konzo. Hauponi, ila hauzidi.

Nyumbani kwetu Kitaya sababu ilijulikana mapema: nimetupiwa kitu. Mganga alisema kuna mtu alipita uani akatia mkono kwenye chakula changu, na mama akamwamini. Mambo mengine nilikuja kuyasikia ukubwani, nilipoajiriwa mjini Mtwara na timu hiyo kukusanya unga vijijini. Daktari wetu alinichorea ubongo kwenye karatasi, akanionyesha mishipa ya fahamu inayopeleka amri miguuni. Hiyo ndiyo iliyoharibika, aliniambia, miguu yenyewe haina kosa. Iliharibiwa na sumu ya mihogo michungu ambayo haikukaushwa vya kutosha, na mwili uliokuwa haupati samaki wala maharage haukuweza kupambana nayo. Nilikasirika siku nzima. Siku iliyofuata nikaomba niongezewe vijiji.

Dawa hakuna, kinga ipo, tena rahisi mpaka inaudhi. Unga wa muhogo unaloweshwa maji kidogo, unatandazwa mwembamba kwenye mkeka, unaachwa wazi kwa saa kadhaa ili sumu ipande hewani, ndipo unasongwa ugali. Kazi yangu ni kuwafundisha akina mama hilo, kisha kurudi kuupima unga wao. Tunauweka kidogo ndani ya kichupa pamoja na kipande cha karatasi ya njano. Karatasi ikibaki njano, kuleni. Ikigeuka nyekundu ya kahawia, sumu bado imo.

Mwaka huu mvua zilikatika tena, na mama analea mtoto wa kaka yangu, binti ambaye hata shule hajaanza. Niliapa kwamba miguu ya yule mtoto haitakuwa kama yangu. Nilimfundisha mama mwenyewe, hatua kwa hatua, naye akawa hodari kuliko wote. Majirani walikuwa wanaenda kwake kuuliza. Basi unga wake ulipopimwa, karatasi ikawa nyekundu. Tukapima mwingine, nyekundu vilevile. Mwenzangu wa maabara akasema labda bibi anadanganya tu, hafanyi. Nilimwambia achunge mdomo wake, nikaenda kutafuta bodaboda.

Nilitoka Magomeni, mtaani kwangu pale Mtwara, mapema, fimbo nimeibana kati yangu na dereva, nikafika mama akiwa ndiyo kwanza anaanza. Nilimpa shikamoo nikakaa kumtazama. Akalowesha unga vizuri. Akautandaza vizuri, mwembamba kabisa. Halafu akasema bismillahi, akatoa kanga safi sandukuni, akaufunika wote na kukandamiza pembe kwa mawe.

"Mama, mbona unaufunika?"

"Sasa chakula cha mtoto nikiache wazi uani, na watu wanapita?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Walishanipata kwako, mwanangu. Kwa huyu hawanipati."

Sumu iliyotakiwa kutoka alikuwa anaifungia ndani, kwa mapenzi matupu. Ningeweza kumwambia wataalamu wamekataza kanga. Angeitikia vizuri, angeitoa mbele yangu, na mimi nikipanda bodaboda tu angeirudisha. Namjua mama yangu. Ili kanga itoke, na itoke kweli, ilibidi ajue kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita uani kwetu. Na akishajua hilo, angejua pia chakula kile kilitwangwa na nani. Niliogopa, sijapata kuogopa hivyo. Lakini binti wa kaka alikuwa pale uani akirukaruka kwa mguu mmoja, anahesabu kwa sauti na kukosea, na mimi sikuja kijijini kuogopa.

"Mama, mimi hakuna mtu aliyenitupia kitu. Mwaka ule wa njaa mihogo tulikuwa hatuisubiri. Ilitwangwa mibichi, ikaanikwa kidogo, tukaila siku hiyohiyo. Sumu ilikuwa humohumo ndani ya mihogo."

"Tulikula wote," akasema haraka. "Chungu kimoja. Mbona ikakupata wewe peke yako?"

Swali hilo huulizwa kila kijiji, na jibu lake nalijua kwa kichwa. Likanitoka kabla sijalifikiria. "Inawapata watoto zaidi, mama. Na yule anayekula ugali mwingi kuliko wenzake."

Mama alitoa mawe, jiwe moja baada ya jingine, akaikunja kanga akaiweka mapajani. Akausawazisha unga kwa kiganja, taratibu, ingawa ulikuwa umeshasawazika. Kuku walikuwa wameanza kusogea, akawafukuza bila kuwatazama.

"Mwaka ule mimi nilikuwa sili," akasema. "Nilikuwa nasema nimeshiba. Ugali wangu nilikuwa nakusogezea wewe."

"Najua, mama. Nilikuwa nakuona."

Akafunika uso kwa ile kanga. Nikajikokota nikakaa upande wa pili wa mkeka, nikanyoosha fimbo yangu juu ya unga, na kila kuku aliyesogea nikamfukuza.