Roboti wa Mgongo Wazi

Filamu yangu ya kumalizia masomo ya jioni ilinuka kuliko filamu yoyote iliyopata kutengenezwa duniani, na mpaka leo sijaona wa kunipinga. Harufu yake ilivuka ziwa ikapiga hodi Uganda. Paka wote wa mtaa wetu wa Nyalenda walizijua siku zetu za kupiga picha kuliko tulivyozijua wenyewe.

Ilikuwa katuni ya dakika chache kuhusu roboti watatu wanaoamka jaani nyuma ya soko la Kibuye, wanatembea hadi ziwani, na mwisho wanasimama wima ufukoni, vifua mbele, kama askari wa gwaride. Mwalimu wetu, mzee ambaye zamani alizunguka vijijini na gari la sinema, ndiye aliyetufundisha kazi hiyo katika ukumbi mmoja wa Kaloleni. Unamsogeza roboti kidogo, unapiga picha moja. Unamsogeza tena, unapiga nyingine. Asiye na subira, alisema, akauze omena, dagaa wetu wa ziwani.

Roboti wenyewe aliwatengeneza rafiki yangu, fundi wa makopo pale Kibuye. Huyo ukimpa kopo la mafuta ya kupikia atakutolea koroboi, atakutolea faneli, na ukimwachia muda atakutolea ndege yenye abiria. Shida ilikuwa viungo. Waya peke yake ulijikunja mahali pamoja tu, kisha ukakatika. Siku moja tulikuwa tunakula mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta iliyouzwa mitaani baada ya viwanda kuchukua minofu, akauinua uti wa samaki juu ya sahani.

"Omera, ndugu yangu, angalia hii. Inakunjika lakini haivunjiki. Mungu amefanya uinjinia hapa, sisi tunanyonya tu na kutupa."

Tukachemsha mifupa, tukaisugua, akapitisha waya katikati ya pingili na kuzivika bati. Basi roboti wakainama, wakageuka, wakatikisa mabega kama wamelewa. Tukaanza kupiga picha chumbani kwake, Jumamosi baada ya Jumamosi, kuanzia jaani kuelekea ziwani.

Katikati ya kazi hiyo akaanza kuugua. Kwao walisema ni chira, kuna mwiko umevunjwa. Hospitali walisema neno lingine, wakalisema kwa sauti ya chini. Yeye hakubishana na upande wowote. Aliendelea kuwasogeza roboti, kwanza akiwa amesimama, baadaye akiwa ameketi, mwishowe akiwa amelalia ubavu huku akiniambia mimi wapi pa kushika.

"Nataka kuwaona wakitembea," alisema. "Wakifika ziwani na kusimama, mimi sina neno tena."

Tulipomaliza, filamu ikapelekwa Nairobi, na kutoka Nairobi ng'ambo kusafishwa. Nadhani ilikwenda kwa miguu. Kila jioni nilimuuliza Mwalimu, na kila jioni Mwalimu alitazama viatu vyake.

Iliporudi, rafiki yangu hakuweza tena kutembea. Tukamleta Kaloleni kwa mkokoteni, akilalamika njia nzima kwamba hata viazi hupewa gunia la kulalia. Tukaziba madirisha, Mwalimu akawasha projekta.

Roboti waliamka jaani, wamenyooka, wakubwa. Rafiki yangu akapiga makofi. "Ona huyo! Ona anavyoringa!" Walipofika nusu ya safari, mabega yalikuwa yameshuka. Kufika ziwani migongo ilikuwa imepinda kabisa, na pale pa kusimama wima kama askari, wote watatu walikuwa wanatazama chini kama wazee waliopoteza ufunguo kwenye mchanga. Mifupa ilikuwa imekauka. Wiki baada ya wiki ilijikaza na kuvuta waya, na sisi tuliokuwa tukiishika kwa mikono yetu hatukuona chochote. Mabadiliko ya kidogo kidogo humpita anayekaa nayo.

Projekta ikatatarika.

"Kumbe mlikuwa mnanipiga picha mimi," rafiki yangu akasema.

Mimi, ambaye naweza kuhutubia uwanja mzima bila maji ya kunywa, niliinuka kwenda kuzibua dirisha.

"Ngoja," Mwalimu akasema, akazungusha swichi.

Filamu ikaanza kurudi. Wale roboti waliopinda wakaondoka ziwani kinyumenyume, na kila hatua mgongo ukapanda kidogo, kichwa kikainuka kidogo, mpaka wakafika jaani wamenyooka tena. Rafiki yangu alicheka hadi kikohozi kikamkamata.

"Rudia, Mwalimu."

"Bwana, balbu itaungua."

"Acha iungue!"

Ikarudiwa, kisha ikarudiwa tena.

"Mama akiuliza, mwonyeshe hii ya kinyumenyume," akaniambia wakati tunamrudisha mkokotenini. "Ile nyingine wape watu wa vyeti."

Watu wa vyeti waliipenda mno. Walisema hawajaona mwanafunzi aliyeonyesha uchovu wa mfanyakazi kwa ustadi namna ile. Hicho ndicho kichekesho bora nilichowahi kupewa maishani, na mtu wa kumsimulia alikuwa ameshafariki.

Tulimzika kwao, kandokando ya ziwa, mahali ambapo nyaya za umeme hazikuwa zimefika. Projekta ingekuwa mzigo wa bure, kwa hiyo nilibeba filamu peke yake. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka.

"Wuoda," akaniita, kama mwanawe, "wale watu wake wa bati, walitembea?"

"Walitembea, Mama."

"Wakasimama?"

Nilifungua filamu, nikaiinua juani, nikaanzia mwisho wake kama nilivyoagizwa. Kila picha ilikuwa ndogo kuliko ukucha. Alifumba jicho moja, akaivuta polepole, ikajikunja mapajani pake mpaka ikaisha yote.

"Naona weusi tu," akasema. "Yeye yuko upande gani?"

Nikaichukua, nikaigeuza ianzie jaani kuelekea ziwani, upande wake yeye, nikamwinulia tena.