Mnyonya Damu Aliyeuliza Kama Umekula

Chepkoech hakuwa mtu wa sinema za mashetani. Nyumbani kwake Gaithersburg hata katuni zenye wachawi zilizimwa. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana, binti yake Abigail alipoketi kando yake na laptop mapajani, akamwambia kuna filamu ya Kirusi ya wanyonya damu ambayo lazima waitazame pamoja, mama alidhani ni mzaha.

"Aaron yumo," Abigail alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote. Kukizungumza ndiko kulikomshinda.

Aaron alikuwa kifungua mimba. Alikuwa kidato cha kwanza Chepkoech alipoondoka Nakuru kuja Amerika, mjane tayari, Abigail akiwa bado ananyonya. Mvulana alimwachia shangazi yake, dada ya marehemu mumewe, Ndirangu, akisema ni kwa muda mfupi tu. Karatasi za uhamiaji zikakwama. Miaka ikaenda akiogesha na kulisha wazee wa watu, na mwanawe mwenyewe akimlea kwa simu. Aaron alipopata nafasi ya kusomea uhandisi Moscow, simu zilimfuata huko. Baadaye akaanza kutopokea. Mara ya mwisho walipozungumza alisema, "Mama, mimi si mtoto," akakata.

Majira ya baridi yaleyale, lori liliteleza kwenye barafu likamgonga akivuka barabara. Mwili ulirudishwa Nakuru. Chepkoech angetoka Amerika asingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo alimzika mwanawe kwenye kioo cha simu, mtandao ukikatika kila mara, hata hakuona jeneza likishuka.

Habari za filamu zililetwa na Anatoli, kijana Mrusi aliyeishi chumba kimoja na Aaron. Wote wawili walikuwa wamepata kibarua cha kuigiza humo. Filamu ilichelewa kutoka, na sasa ilikuwa mtandaoni, na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha.

Wakaitazama. Wanyonya damu waliishi kwenye jengo la ghorofa kama wapangaji wengine, wakipanga foleni dukani na kufagia theluji mlangoni. Chepkoech alikuwa amejitanda leso hadi kidevuni, tayari kujifunika macho. Ndipo mlango wa lifti ukafunguka, akatoka Aaron.

Walikuwa wamempaka majivu usoni na kumtia meno marefu, lakini mwendo ulikuwa wa baba yake, bega moja chini kidogo. Akamwendea msichana aliyejibana ukutani, akamwinamia shingoni, akamnong'oneza kwa Kiswahili:

"Umekula? Umekula nini? Usiniambie chai. Na sweta umevaa? Mbona hushiki simu? Haya, lala. Mungu akulinde."

Chini yake tafsiri ilisema: Kuanzia usiku huu damu yako ni yangu.

Msichana alipiga yowe. Chepkoech hakulisikia. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, kwa mpangilio uleule alioutumia kwenye simu mwaka baada ya mwaka, hata ile "haya" ya kuvuta kabla ya kuaga. Hakuwahi kujua yanasikikaje kwa anayeambiwa.

Abigail alisimamisha picha. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kibodi. "Alikuwa amekumiss, Mami."

"Ama alikuwa ananicheka."

Wakampigia Anatoli, Abigail akishika simu katikati yao.

Anatoli aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba mwongozaji alitaka lugha ambayo hakuna mtu ukumbini angeielewa, akamwambia Aaron aseme chochote. "Sisi tulicheka sana, Mama Aaron. Chumbani alizoea kutuigizia simu zako, kwa hiyo tulijua ni zile."

"Na yeye? Yeye alicheka?"

Abigail akatazama kama simu imekatika.

"Sikumbuki, Mama," Anatoli alisema. "Natamani ningekumbuka. Nisamehe."

Chepkoech akamshukuru kwa kuwa rafiki wa mwanawe, akambariki, akamwambia asijilaumu.

Kesho yake hakwenda kanisani. Rosemary, mwenzake wa kwaya, akapita kumjulia hali na sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe. Chepkoech alimwambia ni homa. Mtu angeanzia wapi? Rosemary alimwombea apone haraka, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa alimwomba Abigail aiweke tena sehemu ile, lakini aigeuze laptop ielekee ukutani, asione uso wenye majivu. Akakaa sakafuni akisikiliza. Sauti ilikuwa imekomaa kuliko alivyoijua simuni, sauti ya mwanamume mzima, na kila iliporudi alijaribu kusikia kama kulikuwa na kicheko chini yake. Mara nyingine alikisikia. Mara nyingine alisikia kitu kingine kabisa.

"Tena, Mami?"

"Tena."

Abigail akabonyeza, akashuka sakafuni, akamlalia mama yake begani. Wote wawili wakamsikiliza.