Redio ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi wa redio za magari hapa Kitale, na lau ningeoa kwingine ningeishi kwa amani. Lakini nilioa Kabuchai, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya serikali akiwa na vitu viwili vya kujivunia: gari la saluni jeupe lenye umri mkubwa kuliko binti yake, na muda wa kulieleza kwa kila mpita njia.

Mzee alijiunga na chama cha wenye magari ya zamani, watu wazima wanaokutana hapa mjini kuchunguliana boneti. Kwao neno kubwa ni original. Taa ziwe original, vioo viwe original, hata kutu huisifu ikiwa ya miaka inayofaa. Matairi yametoka China juzi, ila hayo hayaulizwi. Gari la mzee lilikosa kitu kimoja tu, redio ya rika lake. Niliisaka kwenye vyuma chakavu hadi nikaipata, ina vitufe viwili vya duara na kioo kilichogeuka rangi ya chai.

"Funga kabla ya maonyesho," mzee akaniambia. "Na usiniletee mambo ya kisasa, bana. Mimi nataka original."

Kufunga redio kwenye dashibodi ya gari kama hilo, fundi hulala chali kwenye kiti cha abiria, kichwa chini, miguu juu. Sasa kile kiti ni cha mama mkwe. Kwetu Bungoma mkwe wa kiume hakalii kiti cha mama mkwe, hampi mkono, wala hawatazamani usoni. Basi nikafungua nati zote, nikakitoa kiti kizima, nikakiweka barazani na kukifunika shuka kama mgonjwa. Majirani walikuja kutazama na hakuna aliyecheka. Walisema nimelelewa vizuri.

Nikiwa nimelala kwenye bati tupu, nilisikia sauti ya mama mkwe nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa anaongea na kuku, kwa kuwa mimi haongei nami.

"Wee kuku, ambia huyo fundi mimi sitaki ledio ya kukwaluza. Lafiki yangu wa Chwele alizikwa na mimi sijui. Walitangaza kwa ledio, na mimi niko ndani ya gali nangoja mzee amalize kuonyesha watu injini. Nilifika mchanga umekauka."

Koleo lilinitoka mkononi. Kukosa mazishi ya rafiki si mchezo kwetu; watu hukuuliza ulikuwa wapi kila unapopita. Na redio ya rika la lile gari hushika masafa ya kati tu, ambako siku hizi kumebaki mkwaruzo. Matangazo ya vifo yote yako FM. Nilimhurumia mama, nikamkasirikia mzee, kisha nikafanya nilichokatazwa: nilificha mtambo mdogo wa FM ndani ya lile ganda kuukuu.

"Wee kuku," nikasema kwa sauti, "kitufe cha kushoto ukikivuta, kuna FM. Lakini mzee asijue."

Kuku akaendelea kuchakura.

Siku ya maonyesho nilisimama mbali, nyuma ya tuktuk, maana mama mkwe alikuwa amekaa kitini mwake. Mwenyekiti wa chama akaingiza mkono dirishani, akawasha redio. Ikakwaruza. Wazee wakafumba macho kwa raha. "Hiyo ndiyo sauti yenyewe!" mmoja akasema, na wote wakatulia kusikiliza kelele tupu. Mzee akapewa kombe, akafungua boneti na kuanza kueleza injini upya.

Mama mkwe akavuta kitufe.

Tangazo likatoka wazi, kwa lugha ya nyumbani: mzee fulani wa Kabuchai ameaga dunia, mazishi ni kesho. Huyo na baba mkwe walitahiriwa siku moja, na kwetu watu hao ni ndugu. Waligombana juu ya mpaka wa shamba wakaacha kusalimiana, kwa hiyo hakuna ambaye angempigia baba mkwe simu. Alishusha boneti polepole.

"Ati FM?" mwenyekiti akang'aka. "Hii si original!" Akalinyakua kombe. Mzee hata hakumtazama. Aliingia garini akaondoka bila kueleza mtu chochote, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Aliwahi mazishi. Mke wangu alinisimulia kwamba baba yake alishika sepetu mwenyewe, akalia mbele ya watu.

Wiki iliyofuata nilienda Kabuchai na mfuko wa vifaa, tayari kutukanwa na kuing'oa ile FM. Nilikuwa nimeshatoa bisibisi mzee alipotokea. Hakunisalimu. Alinipita hadi ghalani, akanipa mgongo, akainama.

"Wee kuku," akasema, "ambia huyo fundi arudishe bisibisi kwa mfuko. Hiyo redio ni original."