Mjukuu Aliyepewa Jina la Mwamba

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Halijadiliwi. Ndiyo maana hata kabla mjukuu wangu hajazaliwa, wanawake wenzangu wa mtaa wetu wa Fittja, hapa Uswidi, walishaanza kuniuliza wajina wangu anakuja lini, nami nikiwajibu kwa madaha.

Kisha mwanangu akanipigia simu: mtoto kazaliwa salama, anaitwa Ailsa.

Nilipanda treni kwenda kwao Spånga nikiwa nimefura kwa hasira. Njia nzima nilipanga maneno, na yote yalikuwa ya mke wake. Wazazi wake ni Wakenya, yeye kazaliwa hapahapa, na moyoni nilishamhukumu kwamba ndiye aliyelitupa jina langu.

Alinifungulia mlango mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba shingo upande. Mwanangu alikuwa sebuleni, mtoto kifuani. Alinikaribisha kiti, sikukaa.

"Ailsa ndiyo nini?"

"Ni kisiwa cha Skotlandi," akasema. "Mwamba mkubwa, uko peke yake baharini."

"Wanaishi watu?"

"Ndege tu."

"Kwa hiyo mjukuu wangu kapewa jina la jiwe."

"Mamma, snälla," akanisihi kwa Kiswidi, kama afanyavyo akizidiwa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, polepole. "Ni jina zuri, laini mdomoni. Hapa watalitamka bila kuuliza ametoka wapi. Na nimelichagua mimi. Yeye alitaka lako."

Nikamgeukia mke wake. Alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona aibu, lakini sikuwa tayari kuachia.

"Jina langu limekukosea nini?" nikamuuliza mwanangu.

"Si lako, mama. Ni langu." Tulimpa jina la babu yake, baba wa mume wangu. "Nilipoandika jina la babu kwenye maombi ya kazi, sikuitwa popote. Nilipotanguliza lile la pili, la Kizungu, nikaitwa kwenye usaili. Karatasi ni zilezile, shule ni ileile. Sitaki binti yangu aje kulijua hilo."

Nikakaa, nikanyoosha mikono, akanipa mtoto. Nikamwita Ailsa. Hasira ilikuwa bado ipo, nzima, ila mle sebuleni hamkuwa na mtu wa kumkasirikia.