Unga Chini ya Misonobari ya Rune

Kazi ya Majvor Hedlund ilikuwa kuchunguza mbawakawa wanaotoboa magome ya misonobari, na hata likizo haikumwondolea tabia ya kupiga magoti kwenye kila shina. Kwetu Småland, kusini mwa Uswidi, wadudu hao hawazidi punje ya mchele, lakini wakizaliana katika mti mmoja, msitu mzima uko mashakani.

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi alikuwa kwa dada yake, Solveig. Viazi vilikuwa jikoni, samaki wa siki mezani. Majvor na shemeji yake, Rune, wakatumwa kukata majani ya kupamba mlingoti unaochezewa ngoma siku hiyo. Nyuma ya banda la kuni ilisimama misonobari mitatu mirefu aliyoipanda marehemu baba yake Rune. Majvor akainama. Chini ya mashina palikuwa na unga wa kahawia.

"Shemeji, unga huu umeanza lini?"

Rune akaufukia kwa kiatu. "Achana nao. Ni ugoro wangu."

"Si ulimwapia Solveig kwamba umeacha?"

"Nimeacha nyumbani. Huku bado."

Majvor alicheka mpaka akaegemea mti. Hapo akaona unga uleule umenasa kwenye utando wa buibui, juu ya kichwa chake.

"Na huku ulitemaje? Ulipanda?"

Rune akautazama utando. Tangu Mei alikuwa akifukia unga ule, mkewe asiuone.

Majvor akachomoa kisu, akabandua kipande cha gome. Ndani mlijaa mifereji myembamba, na katika mifereji, funza weupe.

"Bado hawajaota mabawa. Wakiota, wanahamia miti yako yote."

"Lakini tazama juu, ni kijani kabisa!"

"Maiti kavalishwa suti, shemeji. Ikate leo."

"Leo? Nikiwasha msumeno, Solveig ataniuliza kulikoni."

"Basi utamwambia."

Rune aliweka kiganja kwenye shina la katikati, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaenda kuchukua msumeno.

Mti wa tatu ulipoanguka, Solveig alikuja mbio na aproni yake. "Mmepata wazimu? Wageni wako njiani!"

Rune akazima msumeno. "Kuna wadudu. Niliona unga wao nikadhani ni ugoro wangu. Nikawa naufukia."

"Kumbe! Ulinificha mimi, ukawafuga wao?"

Hakuna aliyecheka. Solveig akaitazama misonobari iliyolala, akafunga aproni upya, akashika sepeto kubandulia magome. "Sogea huko. Mzee angekuchapa."

Mwezi wa Juni gome hutoka kwa urahisi, vipande virefu kama mikeka. Funza walimwagika juani, wakaanza kusinyaa. Wageni walipofika, walipewa visu.

Majvor alikwenda kwenye miti mingine ya karibu, akapiga magoti shina baada ya shina, akipapasa magome kutafuta unga. Pote palikuwa safi. Alirudi akamwambia Rune, naye akaitikia kwa kichwa, akaendelea kubandua.