Mwalimu wa Jiografia Aliyejua Kibla

Sasa naweza kucheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Mimi nasomesha jiografia skuli moja hapa Ibra. Likizo moja nilimchukua mke wangu na mama yake, Bi Zuwena, tukatembee kisiwa kimoja cha Wagiriki, kisha tuvuke kwa boti mpaka pwani ya Uturuki. Siku ya kwanza tu kisiwani, Bi Zuwena akasema, "Mwalimu, tuulize kibla."

Nikaona kama nimetukanwa. "Mama, mimi ndiye wa kuulizwa! Kibla ni jua linakozama."

Kwetu Ibra, mashariki ya Makka, ndivyo hasa. Basi siku tatu nikawaswalisha tukielekea magharibi, na kwa Wagiriki hapakuwa na wa kunisahihisha. Tukavuka Uturuki, nikaendelea vilevile.

Kesho yake nikatandika misala bustanini hotelini, tukaanza kuswali alasiri. Mtunza bustani, mzee wa Kituruki, naye akatandika msala wake mbele yetu. Nilipoinuka kutoka kwenye sijda, naye anainuka kwenye yake, tukatazamana uso kwa uso kama watu wanaosubiri kahawa. Nyuma yake ilikuwa bahari, na ng'ambo kile kisiwa tulichotoka jana.

Tulipotoa salamu, mzee yule akanyoosha kidole nyuma yangu kwa adabu: Makka ilikuwa mgongoni kwangu.

Bi Zuwena akakunja msala wake taratibu. "Mwalimu, Ugiriki si tumeshaaga jana? Mbona unaturudisha?"