Nguzo Zenye Masikio

Kila nguzo iliyosimamishwa na Waitara Nashoni chini ya ardhi ilikuwa na mikato miwili ya shoka, sambamba, kwenye usawa wa sikio la mtu mzima. Mikato hiyo hakuibuni mgodini. Ndiyo ambayo baba yake, na babu yake kabla ya hapo, waliwakata ng'ombe wao masikioni kijijini kwao Gorong'a, ili mnyama akiibwa atambuliwe hata akikutwa katikati ya kundi la watu wengine.

Waitara ana miaka hamsini na moja. Kwa miaka tisa alikuwa fundi matimba katika mgodi wa dhahabu wa Nyabikondo, mgodi wa ukubwa wa kati, mwendo wa karibu saa moja kwa pikipiki kutoka Kewanja, wilayani Tarime. Kazi ya fundi matimba ni kuzuia dari isiwaangukie wachimbaji. Hupima kimo cha njia, hukata gogo la mkaratusi, hulisimamisha na kulikaza kwa kabari mpaka lishike jiwe la juu. Kabla ya hayo yote hugonga dari kwa nondo na kusikiliza. Jiwe lililoshikana na mwamba hutoa sauti kavu na fupi. Jiwe lililoachana nao hulia kama debe tupu.

Kazi hiyo hakusomea. Alianza kwa kujenga maboma ya ng'ombe kijijini, akaingia kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na huko akajulikana kama mtu ambaye nguzo zake hazilali. Nyabikondo walipomwajiri walimpa shoka, msumeno na kofia ngumu. Kofia ilikuwa ya kupokezana. Zamu moja ilikuwa na watu kumi na tisa na kofia kumi na moja, na aliyepanda juu alimvalisha anayeshuka, ikiwa bado imelowa jasho.

Wenzake walimwita Mwenye Zizi. Aliyemtania zaidi ni Stanslaus, mshika mashine ya kutoboa miamba, kijana wa Natta upande wa Serengeti. Kila asubuhi alipopita alipiga kofi nguzo ya kwanza akasema, kama mwana kwa baba, "Tata, hawa ng'ombe wako mbona hawatoi maziwa?"

Waitara alikuwa na jibu moja tu kwa kijana huyo. "Wamekubeba mgongoni siku nzima, mura. Na maziwa tena?"

Februari mwaka jana, shehena ya magogo haikufika. Mgodi ulikuwa umefungua njia mpya, ya tano, yenye mawe mazuri, na msimamizi wa zamu, Sylvester, hakutaka kuisimamisha. Alimwita Waitara mdomoni mwa shimo akamwagiza ang'oe nguzo njia ya tatu, moja baada ya kuruka moja, azipeleke njia ya tano. Njia ya tatu imekwisha, alimwambia, hakuna atakayeingia tena. Waitara aliuliza kama kuna karatasi. Sylvester alicheka, akamuuliza tangu lini ng'ombe akihama zizi anaandikiwa barua.

Nguzo zilizohamishwa zilikuwa kumi na nne. Waitara alizisimamisha njia ya tano kwa siku mbili, na kwenye kila moja, chini ya mikato yake miwili, akaongeza mkato wa tatu, mdogo. Hakuagizwa na mtu. Katika boma la baba yake, ng'ombe aliyekabidhiwa kwa ndugu akamtunze aliongezewa alama ndogo sikioni, ili akirudi ijulikane kwamba aliwahi kutoka. Mkono wake ulifanya ulichozoea.

Siku ya saba tangu nguzo zihamishwe, mtaalamu wa miamba alipitia vipimo vya zamani na kukuta bado kuna mawe yenye dhahabu kwenye ukuta wa njia ya tatu. Sylvester aliamuru irudiwe. Waitara alimfuata akamkumbusha kwamba kule dari imebaki na nusu ya nguzo zake. Aliambiwa gari la magogo linafika Jumamosi, na kwamba kwa siku tatu nne mlima hauwezi kuanguka. Waitara alirudi njia ya tano kuendelea na kazi. Wanaoingia njia ya tatu hakuwaambia kitu. Daftari la usalama la siku hiyo, lililojazwa na msimamizi, linasema: njia ya tatu, matimba kamili.

Siku ya tisa, Alhamisi, saa nne asubuhi, dari ya njia ya tatu ilishuka kwa urefu wa hatua sita. Stanslaus alikuwa chini yake. Wenzake walimtoa kwa mikono na kwa nondo, kwa muda wa zaidi ya saa moja, wakampandisha juu akiwa amefungwa kwenye mlango wa stoo ya vifaa kwa kuwa machela haikuwepo. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, ingawa hilo lilijulikana baadaye.

Kabla gari halijaondoka, Sylvester aliwapa maelezo wawili waliomsindikiza. Hospitali waseme pikipiki. Barabara zote za Tarime zina ajali za pikipiki, na hakuna mhudumu atakayeshangaa. Muuguzi aliyempokea alishangaa kidogo. Aliuliza pikipiki gani inamwangusha mtu akiwa na buti za mpira zilizojaa tope la kijivu mpaka kwenye soksi. Wale wawili walirudia pikipiki, na fomu ikajazwa hivyo.

Mkewe, Happy, aliombwa akubali. Mgodi ungemtunza mume wake, aliambiwa, mradi asichokoze mambo ya ukaguzi, kwa sababu mgodi ukifungwa wote wanakosa. Alikubali. Kwa wiki tatu gari la mgodi lilimfikishia dawa na chakula wodini. Wiki ya nne halikuja, na simu za Sylvester zikawa hazipokelewi. Mguu wa Stanslaus ulikuwa umeshakatwa. Alikuwa amelala chali, hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi unamhudumia aliyeumia kazini, na kwa mujibu wa karatasi zake mwenyewe Stanslaus alikuwa ameanguka na pikipiki.

Mwezi Mei Happy alipanda mpaka Gorong'a. Alimkuta Waitara akifumua ua wa zizi. Alimsalimia shikamoo akakaa kwenye gogo, hakutaka kuingia ndani ingawa Boke, mke wa Waitara, alimkaribisha mara mbili. Alisema ameandika barua kwa wakaguzi wa madini, na kwamba wamemjibu watakuja. Lakini mgodi umeziba njia ya tatu kwa kifusi na unasema haijafanyiwa kazi tangu mwaka uliotangulia. Waliokuwa na Stanslaus siku ile wote wanasema pikipiki. Wana watoto, yeye hawalaumu.

"Baba, mimi sijui mambo ya chini," alisema. "Stanslaus ananiambia nguzo zako unazijua kama ng'ombe. Kama zilikuwepo, sema zilikuwepo. Kama hazikuwepo, sema zilikwenda wapi."

Waitara alimjibu kwamba amesikia. Hakumuahidi. Boke alimsindikiza mgeni mpaka barabarani.

Waitara alijua nguzo zilikokwenda. Zilikuwa zimesimama njia ya tano, kumi na nne, zote na mikato yake miwili. Mtu yeyote angeweza kubisha kwamba zilikatwa zikiwa mpya kwa ajili ya njia ile. Kilichosema kwamba zilitoka mahali pengine ni ule mkato mdogo wa tatu. Na mkato huo ulisema jambo la pili pia, kwamba aliyezitoa ni Waitara. Amri ilikuwa ya mdomo. Alama ilikuwa ya shoka lake.

Sylvester naye alikuwa amefikia hesabu hiyo hiyo. Siku moja kabla ya ukaguzi alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akamuuliza ile alama ndogo ni ya nani. Waitara alisema ni yake.

"Basi unaona, mzee. Ukinionyesha mimi kidole, vidole vingine vyote vinakutazama wewe. Mimi sikuandika kitu. Wewe ndiye umeandika kumi na nne." Akasukuma shoka mezani. "Chonga hizo alama zote, za juu na za chini. Nguzo ibaki nguzo. Kazi ya nusu saa, unaenda nyumbani."

Waitara alichukua shoka. Wachimbaji wawili waliokuwa njia ya tano mchana ule wanakumbuka kwamba alifika peke yake, akaangalia nguzo ya kwanza kwa muda, halafu akaanza kuichonga ganda na mti wake kwa upana wa kiganja mpaka mikato ikatoweka. Vipande vya mbao vyeupe vilianguka kwenye maji miguuni pake. Alihamia nguzo ya pili. Aliinua shoka, akaliteremsha bila kugusa mti. Mmoja wa wachimbaji alimuuliza kama amechoka.

Waitara alimjibu kwa Kikurya. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa: "Hivi ndivyo mwizi anavyofanya sikio."

Nje ya mkoa wa Mara huenda maneno hayo hayana uzito. Mwizi wa ng'ombe anapovuka na mifugo, kuelekea mpakani Sirari au mbugani, kitu cha kwanza ni kulikata sikio lenye alama, kulipunguza mpaka alama iende nalo. Ng'ombe wa Waitara walishaibwa mara moja, mwaka 2009. Wawili walipatikana, masikio yao yakiwa yamekatwa nusu, na kwa sababu hiyo hakuweza kuthibitisha ni wake. Alisimama mbele ya mtu aliyekuwa nao akaondoka mikono mitupu.

Aliliacha shoka pale pale, limeegemea nguzo ya pili, akapanda juu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, Philomena, mhandisi wa umri wa kama miaka thelathini na mitano, mwenye kofia yake mwenyewe na taa yake mwenyewe. Aliteremka na Sylvester na meneja. Alipofika njia ya tano alimkuta Waitara amesimama kando ya nguzo zake, bila kuitwa.

Aliuliza mikato ni ya nini. Waitara alimweleza ile miwili. Kisha mkaguzi akaweka kidole kwenye mkato wa chini.

"Na huu mdogo?"

"Huo ni wa ng'ombe aliyetoka nje ya boma."

"Sijaelewa, mzee wangu."

"Nguzo hii haikukatwa kwa ajili ya hapa. Ilikuwa njia ya tatu, imeshika dari. Nikaihamisha Februari. Hii na hizo nyingine, mpaka mwisho."

"Kwa amri ya nani?"

Waitara alimtazama Sylvester. Alisema ni amri ya msimamizi, ya mdomo. Sylvester alisema, kwa utulivu, kwamba hakumbuki kutoa amri kama hiyo. Philomena aliandika, akahesabu nguzo, na alipofika mwisho akarudi kwenye ya kwanza, iliyokuwa nyeupe ilipochongwa.

"Hii imefanywa nini?"

Waitara angeweza kusema kwamba ilifika hivyo. Shoka lilikuwa limeondolewa usiku ule na hakuna aliyekuwa akiliongelea.

"Niliichonga jana," alisema. "Nilitaka kuficha. Nikashindwa kwenye ya pili."

Alama zile zilitosha kufanya kifusi cha njia ya tatu kifukuliwe. Nyuma yake kulikuwa na nguzo zilizobaki, moja kwa kuruka moja, kabari za zile zilizong'olewa zikiwa bado sakafuni, na mashine ya kutoboa aliyokuwa akiitumia Stanslaus, imebanwa chini ya jiwe. Hakuna aliyetaja pikipiki tena. Taarifa ya ukaguzi, iliyotoka mwishoni mwa Juni, inasema Stanslaus aliumia akiwa kazini, na mfuko wa fidia umepokea madai yake.

Taarifa hiyo hiyo inataja chanzo cha ajali. Nguzo ziliondolewa na fundi matimba bila kibali cha maandishi, na baadaye fundi huyo alijaribu kuharibu ushahidi, kwa kukiri kwake mwenyewe. Kuhusu msimamizi wa zamu, imeandikwa kwamba hakufuatilia kikamilifu. Philomena aliandika alichoweza kuthibitisha. Sylvester alihamishiwa zamu nyingine. Waitara aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo na haruhusiwi kufanya kazi ya matimba katika mgodi wowote wenye leseni. Nyabikondo ulifungwa siku ishirini na mbili, ukanunua kofia, ukafunguliwa.

Agosti Waitara alisafiri kwenda Natta. Alimkuta Stanslaus kitandani, dirisha likiwa wazi, redio ikizungumza peke yake. Happy alileta chai akatoka. Walizungumza habari za mvua, na za nani bado yuko mgodini. Utani wa maziwa haukurudi. Mwisho Stanslaus aliizima redio.

"Siku tunaingia njia ya tatu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Stanslaus aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Waitara alimaliza chai yake, akasimama, akaaga. Happy alimshukuru mlangoni. Aliyekuwa ndani alikuwa ameshaiwasha redio.

Siku hizi Waitara yuko Gorong'a, analima mahindi na kuchunga ng'ombe wake saba. Jioni hupitia nguzo za zizi moja moja, huzigonga kwa fimbo na kusikiliza, ingawa juu yake hakuna kitu isipokuwa anga. Tangu Juni wamezaliwa ndama watatu. Boke amemkumbusha mara mbili kwamba wezi wamerudi upande ule, na kwamba ndama asiye na alama ni wa yeyote atakayemshika. Kila mara hujibu kwamba atafanya kesho. Kisu kiko juu ya mlango, kimenolewa. Masikio ya ndama bado ni mazima.